‘Mama amesafiri’: Jibu la huruma linalomwacha mtoto njia panda

Turubai limeshushwa, viti vya kukodi vimepakiwa kwenye pikapu na sufuria kubwa zimerudi kwa wenyewe. Ndugu waliotoka mbali wameanza kuaga. Ndipo mtoto wa miaka mitano, ambaye kwa siku tatu amekuwa akipitishwa mikononi mwa watu na kununuliwa soda, anavuta kanga ya shangazi yake na kuuliza: “Mama anarudi lini?”

Shangazi anameza mate, anatazama pembeni, kisha anajibu: “Mama amesafiri. Atakuletea zawadi.”

Jibu hilo limetolewa katika nyumba nyingi za Kitanzania na halitokani na nia mbaya. Shangazi mwenyewe bado ana macho mekundu. Hajapata usingizi tangu simu ya hospitali ilipoingia, na hapo alipo hana nguvu za kumtazama mtoto akilia. Anachotaka ni kumpunguzia maumivu.

Lakini wiki zinapita. Kila gari linaposimama nje, mtoto anakimbilia dirishani. Anamuuliza bibi, anaambiwa mama yuko mbinguni. Anamuuliza mjomba, anaambiwa mama amelala. Baadaye, kwenye mchezo wa kombolela, mtoto wa jirani anamrushia ukweli wote kwa sentensi moja: mama yako alikufa, tulienda kumzika.

Siku hiyo mtoto anajifunza mambo mawili kwa mpigo. La kwanza ni kwamba mama harudi. La pili, ambalo huenda likamsumbua kwa muda mrefu zaidi, ni kwamba watu wazima waliobaki, ambao sasa ndio tegemeo lake pekee, hawaaminiki.

Wataalamu wa saikolojia ya watoto wanapozungumzia ustahimilivu, yaani uwezo wa mtoto kupita katika jambo zito, akayumba, kisha akarudi kusimama, kufiwa na mzazi ni miongoni mwa mitihani mikubwa wanayoitaja. Kwa bahati nzuri, pia ni eneo ambalo utafiti wa maana umefanyika hapa hapa nyumbani.

Kujikaza si kustahimili

Kiswahili kina neno ambalo kila mtoto amelisikia msibani: jikaze. Mtoto wa kiume analisikia mapema zaidi, mara nyingi likiwa na nyongeza kwamba sasa yeye ndiye baba wa nyumba. Ana miaka 11.

Mtoto anayejikaza hutulia, na watu wazima huuona utulivu huo kama ushahidi kwamba amepoa. “Huyu hana shida, tangu siku ile hajalia,” husemwa kwa fahari. Wakati huo huo mtoto amerudia kukojoa kitandani baada ya kuacha miaka mitatu iliyopita, anaumwa tumbo kila Jumatatu asubuhi na mwalimu wake analalamika kuwa hamalizi kazi za darasani. Anapelekwa zahanati, anapimwa malaria na minyoo, hakuna kinachoonekana, anapewa panado na kurudishwa nyumbani.

Huzuni ya mtoto haifanani na ya mtu mzima. Mtu mzima akifiwa huzama ndani yake kwa siku nyingi. Mtoto huingia na kutoka kama anayerukaruka madimbwi ya mvua: analia kwa dakika kumi, kisha anauliza kama anaweza kwenda kucheza mpira. Ndugu wengine hukwazika wakiona hivyo, wakadhani mtoto hana uchungu na mzazi wake. Uchungu anao. Kwa mtoto, mchezo ni mahali pa kupumzika kabla ya kuurudia uchungu huo.

Tofauti na watu wazima, ambao wamewekewa matanga, arobaini, hitima au ibada ya shukrani, watu wa kukaa nao na maneno ya kusema, mtoto huwekewa katuni kwenye simu na kuambiwa akacheze nje. Mila zetu za msiba zimejaa hekima ya namna ya kumshika mfiwa. Ni mtoto tu ambaye hatukumkumbuka tulipokuwa tunagawa nafasi.

Somo kutoka Moshi na Bungoma

Mwaka 2020 jarida la tiba la JAMA Psychiatry lilichapisha matokeo ya utafiti ulioongozwa na Shannon Dorsey wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, akishirikiana na watafiti wa Tanzania, Kenya na vyuo vingine. Ulihusisha watoto 640 wenye umri wa miaka saba hadi 13 kutoka Moshi na Bungoma, mjini na vijijini, waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili na ambao tayari walionyesha dalili za msongo unaotokana na tukio baya au huzuni isiyoisha.

Nusu ya watoto waliendelea kupata misaada ya kawaida inayotolewa kwa yatima katika maeneo yao, kama sare za shule. Nusu nyingine walipewa tiba ya kuzungumza: vikao 12 vya kikundi, kimoja kila wiki, pamoja na vikao vichache vya ana kwa ana ambako mtoto alisimulia, kidogo kidogo, kilichotokea mzazi wake alipofariki. Walezi nao walikuwa na kikundi chao.

Waliotoa tiba hiyo hawakuwa madaktari wala wanasaikolojia. Walikuwa watu wa kawaida ambao hawakuwahi kufanya kazi ya afya ya akili, wakafundishwa na kusimamiwa kwa karibu. Kwa nchi ambazo wataalamu wa afya ya akili ya watoto ni wachache mno, hilo peke yake ni habari.

Vikao vilipokwisha, watoto waliopata tiba katika maeneo matatu kati ya manne, yaani Bungoma mjini, Bungoma vijijini na Moshi mjini, walikuwa na nafuu kubwa kuliko wenzao. Mwaka mmoja baadaye, upande wa Kenya tofauti hiyo ilikuwa bado ipo. Upande wa Tanzania ilikuwa imefutika, lakini si kwa sababu waliotibiwa walirudi nyuma. Wale ambao hawakupata tiba nao walikuwa wamepona kwa kiwango kinachokaribiana.

Watafiti walieleza kuwa watoto wa upande wa Kenya walikuwa wakiishi katika ugumu zaidi: upungufu wa chakula, walezi wenye afya mbaya na matukio mengi zaidi ya kutisha waliyokuwa wamepitia.

Matokeo hayo yanafaa kusomwa taratibu na mlezi yeyote. Yanaonyesha kwamba watoto wengi, hata waliofiwa na kuumia, hupata nafuu kadri muda unavyokwenda iwapo maisha yanayowazunguka yametulia kiasi. Yanaonyesha pia kwamba yule ambaye juu ya msiba ameongezewa njaa, mlezi mgonjwa na vurugu za nyumbani hawezi kuachiwa muda peke yake umponye. Kumwambia mtoto wa namna hiyo ajikaze ni kumdai nguvu ambazo hakuna aliyempa.

Utafiti mwingine unaotajwa sana katika eneo hili ulianza mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, ambako mwanasaikolojia Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 tangu kabla ya kuzaliwa hadi utu uzima. Karibu theluthi moja walizaliwa katika mazingira magumu: umasikini, ulevi wa wazazi, ugomvi wa ndani, maradhi ya akili. Kati ya hao, mmoja katika kila watatu alikua na kuwa mtu mzima mwenye kujiamini, anayefanya kazi na kujali wengine.

Waliofanikiwa hawakuwa watoto wa ajabu. Wengi wao walikuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyewajali bila kuyumba, na si lazima awe mzazi. Bibi, mama mdogo, mwalimu, jirani. Walikuwa pia na wajibu wa kweli nyumbani, kazi ambayo isipofanywa na wao inaonekana.

Aseme nini, na vipi

Swali linalowatesa walezi wengi ni maneno. Jibu la wataalamu ni rahisi kulisikia lakini gumu kulitamka: tumia neno lenyewe. Mama amefariki. Baba amekufa. Kisha eleza maana yake kwa mwili: hapumui tena, moyo wake umesimama, hasikii njaa wala maumivu, hawezi kurudi.

Lugha ya mafumbo, ambayo kwa watu wazima ni heshima, kwa mtoto mdogo ni mtego. Aliyeambiwa baba “amelala” anaweza kuanza kuogopa kulala, au kukesha akimchungulia bibi yake kama bado anapumua. Aliyeambiwa “Mungu alimpenda zaidi akamchukua” anaweza kujiuliza Mungu akimpenda na yeye itakuwaje. Hii haina maana imani iwekwe kando. Familia nyingi hupata faraja humo na mtoto naye anastahili kuipata. Ila imani ifuate baada ya ukweli wa mwili, isije badala yake.

Umri nao una nafasi yake. Chini ya miaka mitano, mtoto huona kifo kama jambo linaloweza kugeuka, hivyo ataambiwa leo na kesho ataulizia tena. Hajasahau wala hafanyi ukaidi, bali anajaribu kuelewa. Ajibiwe kwa maneno yale yale, kwa utulivu ule ule, hata mara ya ishirini. Kadri anavyokaribia miaka tisa au 10, watoto wengi hutambua kuwa kifo ni cha kudumu na humfika kila mtu. Hapo huja hofu mpya: na wewe bibi utakufa? Ahadi kwamba “mimi sifi” haitekelezeki. Afadhali mlezi aseme anatarajia kuishi naye miaka mingi, kisha amtajie kwa jina mtu atakayemtunza ikiwa lolote litatokea. Mtoto akishajua kuna mpango, hulala.

Lipo pia jambo ambalo watoto hawalisemi mpaka waulizwe. Wengi, hasa wa kati ya miaka minne na minane, huamini kimyakimya kwamba wao ndio waliosababisha kifo. Alimkasirisha mama siku ile. Alisema ndani ya moyo, “Heri ufe.” Alipiga kelele baba alipokuwa mgonjwa. Kwa akili ya umri huo, wazo lina nguvu ya kutenda. Sentensi moja inatosha kuondoa mzigo ambao ungebebwa kwa miaka: “Hakuna ulichosema, ulichofanya wala ulichofikiri kilichomfanya mama afe. Alikuwa anaumwa ugonjwa wa moyo.” Isemwe hata kama mtoto hakuuliza.

Kuhusu kwenda makaburini, kila familia ina taratibu zake za dini na mila. Kule Kilimanjaro, ambako maziko hufanyika kihambani karibu kabisa na nyumba, mtoto ataliona kaburi kila siku. Kumficha siku ya maziko hakumsaidii sana. Kwingine huenda asifike kaburini kabisa. La muhimu ni aelezwe mapema atakachokiona, apewe mtu mzima mmoja wa kumshika mkono, na aruhusiwe kukataa. Anayebaki nyumbani anaweza kuchagua picha itakayowekwa, kuchuma maua, au kushiriki dua.

Kikao cha ukoo ambacho mtoto haalikwi

Baada ya msiba, wakubwa hukaa. Anazungumziwa nani atabaki na nyumba, nani atachukua shamba, na mwishoni kabisa, nani atamchukua nani. Mkubwa anakwenda kwa baba mdogo Mwanza, wa kati kwa mama mkubwa Tanga, mdogo anabaki na bibi. Kila aliyemchukua mtoto anajibana na anastahili shukrani. Hata hivyo, watoto waliofiwa na mama Machi wanaweza kufika Mei wakiwa wamepoteza pia nyumba, shule, marafiki na ndugu zao.

Pale inapowezekana, kuwaweka ndugu pamoja ni dawa ya kwanza, na ni ya bure. Isipowezekana, mawasiliano yasiachwe kwa bahati. Simu kila Jumapili saa 10 jioni, likizo ya Desemba wote kwa bibi, na ahadi hiyo itimizwe. Mtoto aliyefiwa huhesabu ahadi kuliko mtoto mwingine yeyote.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu, na inakataza kumnyima haki ya kunufaika na mali ya mzazi wake. Kwa hiyo kijana wa miaka 14 kuitwa kwenye kikao na kuulizwa angependa kuishi wapi si utovu wa adabu kwa wazee. Huenda asipate anachotaka, lakini ataelewa sababu.

Kuna pia suala la kazi. Wajibu uliowasaidia watoto wa Kauai haufanani na utumwa. Kulisha kuku na kumsaidia mdogo wake kuvaa sare kunamwambia mtoto kwamba anahitajika katika nyumba hii mpya. Kuamka saa 10 alfajiri kuchota maji ya familia nzima huku binamu zake wamelala kunamwambia kitu kingine kabisa, na yeye anakisikia vizuri.

Kijana asiyetaka kuongea

Walio katika ujana ni kesi ngumu zaidi. Wanaelewa kifo kama watu wazima, lakini hawana uzoefu wa mtu mzima wa kujua kwamba maumivu makali hupungua. Msichana aliyefiwa na mama mara nyingi anakuwa mama wa wadogo zake kabla hata hajamlilia wake. Mvulana anazima, anavaa spika za masikioni, anachelewa kurudi. Mlezi anaona jeuri.

Kumkalisha sebuleni na kumwambia “tuzungumze” huzaa kimya. Vijana wengi hufunguka wakiwa wanafanya kitu, bila kutazamana usoni: wakimenya viazi, wakiosha pikipiki, wakitembea kwenda dukani. Mlezi anaweza kuanza yeye mwenyewe kwa kumtaja marehemu kwa jina, jambo ambalo familia nyingi huacha wakidhani zinamlinda kijana. “Mama yako angekuwepo angesema hizi nyanya ni ghali.” Asiposema kitu, si kitu. Ameshajua kwamba jina hilo halijapigwa marufuku.

Upole huo uende sambamba na taratibu. Walezi wengi, kwa huruma, humwachia mtoto yatima afanye apendavyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona State nchini Marekani, wakiongozwa na Irwin Sandler, walizihusisha familia 156 zilizofiwa katika utafiti wa mpango uliomfundisha mzazi aliyebaki, miongoni mwa mengine, mambo mawili makubwa: kuonyesha upendo wazi na kushikilia kanuni za nyumbani bila kubadilikabadilika. Waliporudi kuwaona watoto hao miaka sita na hata 15 baadaye, waliopitia mpango huo walikuwa na unafuu katika maeneo kadhaa ya afya ya akili. Saa ya kulala ile ile, chakula cha jioni pamoja, adhabu ileile kwa kosa lilelile. Mambo yanayoonekana madogo humwambia mtoto kuwa dunia haijaanguka yote.

Mlezi naye ni mfiwa, na hili husahaulika kwa urahisi. Bibi anayelea wajukuu watatu amemzika mwanawe. Akilia mbele yao na kusema, “Ninamkumbuka mama yenu, ndiyo maana ninalia, nitakuwa sawa,” anawafundisha kwa vitendo namna mtu anavyohuzunika bila kuvunjika. Akijificha chooni kulia, wanasikia, na wanajifunza kujificha.

Lini kutafuta msaada

Miezi ya mwanzo, kukosa usingizi, hasira, kushuka darasani na kuganda kwa mlezi ni mambo ya kawaida. Yasipopungua baada ya miezi sita, au yakizidi badala ya kupungua, mtoto aonwe na mtaalamu. Mwalimu wa ushauri nasaha shuleni ni mlango wa kwanza, kisha ofisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri, au kitengo cha afya ya akili katika hospitali ya mkoa.

Lipo moja ambalo halisubiri hata siku moja. Mtoto au kijana akisema anataka kufa, anataka kumfuata mama, au akionekana kujijeruhi, asibezwe wala kukaripiwa. Aulizwe waziwazi kama anafikiria kujiua; kuuliza hakumpandikizii wazo. Asiachwe peke yake, dawa na sumu ziondolewe karibu, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, hupigwa bila malipo Tanzania Bara na Zanzibar, na namba hiyo hiyo hutumika Kenya. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga, na mlezi aliyekwama pia.

Shule ina sehemu yake, hasa siku ya kwanza ya kurudi. Mwalimu wa darasa akiwaeleza wanafunzi mapema, na akakubaliana na mtoto ishara ya kutoka nje machozi yakimjia katikati ya hesabu, anamwondolea aibu ambayo wengi huikimbia kwa kuacha shule.

Kisha zipo siku ambazo hazimo kwenye kalenda ya mtu mwingine. Siku ya wazazi shuleni. Sikukuu ya kwanza bila nguo aliyozoea kununuliwa na baba. Siku ya kujaza fomu ya kujiunga na kidato cha kwanza, ambapo binti anafika kwenye mstari ulioandikwa “Jina la mama”, kalamu inasimama, anamwangalia shangazi yule yule aliyemwambia miaka minane iliyopita kwamba mama amesafiri.

“Niandike jina lako?”

Shangazi anavuta kiti. “Andika la mama yako, lote, matatu. Mbele yake weka marehemu. Kwenye mlezi ndiyo uniandike mimi.”

Binti anaandika, halafu anauliza mama alikuwa anaandika jina lake kwa H au bila H.